Kigumba kwanza, mbuga baadaye: jibu kwa dada wa Tororo

Dada mmoja wa Tororo ameniuliza swali refu, nafupisha ili wengine mfuate. Mdogo wa baba yake alitoka Maragoli upande wa Kenya miaka ya hamsini akaenda Kigumba, kule Bunyoro magharibi ya Uganda, kulima, akaoa huko, akafia huko. Mama yake huyu dada sasa ana miaka 71 na anataka kuona kaburi la shemeji yake wakati miguu bado inamkubali. Desemba shule zikifunga anataka kumpeleka, pamoja na watoto wawili, mmoja wa miaka 9 na mwingine 13, na wana siku nne. Watoto wanataka ndovu na sokwe, kwa hiyo amepanga siku tatu ziwe za mbuga ya Murchison na msitu wa Budongo, alafu Kigumba wapite nusu siku wakirudi nyumbani. Anauliza kama mpango uko sawa, kama mama ataweza, na wabebe nini.

Dada, nakujibu kama mtu anayeongoza wageni huku Masindi na ambaye wazazi wake pia walikuja kutoka West Nile kukata miwa, kwa hiyo hii habari ya kuhamia Bunyoro naijua kutoka ndani. Huo mpango geuza. Kigumba iwe mwanzo na ipewe siku nzima, mbuga ifuate. Nusu siku haitoshi hata kidogo kwa jambo la mama. Mkifika saa nne mtapewa viti, mtapewa chai, mtoto atatumwa kuwaita wazee shambani, wazee watafika saa saba wakiwa wameoga, mtaanza kusalimiana na kutajana ukoo, na pale tu mzee mmoja anapoanza kukumbuka "huyo bwana alikuwa anakaa karibu na mto fulani" nyinyi mnaangalia saa kwa sababu dereva anataka kuondoka. Alafu kaburi lenyewe linaweza kuwa mbali na senta, boda peke yake ndiyo inafika, na mama atakuwa amechoka na siku tatu za kurushwa kwenye gari. Mnyama mkimkosa leo kesho yupo. Mzee wa miaka tisini anayejua baba mdogo alizikwa wapi, sijui kama mwakani mtamkuta.

Njia sasa. Watu wengi wa mashariki wakisikia Masindi wanafikiria lazima wapitie Kampala, wanalala Kampala, wanamaliza pesa Kampala. Hakuna haja. Kutoka Tororo pandisheni Mbale, Soroti, Lira, mpaka Kamdini, hapo mnakata kushoto kuvuka Nile pale Karuma, alafu Bweyale, Kiryandongo, Kigumba. Ni lami mwanzo mwisho. Ondokeni alfajiri, itakula siku nzima, na simamisheni gari Soroti na Lira mama anyooshe miguu. Pale Karuma mtakuta nyani wengi wamekaa barabarani wanangojea kurushiwa vitu, waambie watoto wafunge vioo na wasirushe chochote, nyani akishazoea chakula cha gari anaanza kupora na mwisho wake anagongwa. Na darajani msipige picha, polisi na wanajeshi wa pale hawapendi kabisa, tena kuna bwawa kubwa la umeme la megawati 600 hapo karibu. Kule Kigumba loji za kawaida zipo, ila piga simu kwanza maana Desemba watu wanarudi makwao.

Kabla hamjafika nataka uelewe hiyo ardhi, manake ukiielewa utajua kwa nini baba yako mdogo alipewa nafasi na pia kwa nini maswali mengine hayaulizwi haraka. Bunyoro ilipigwa sana. Omukama, yaani mfalme, Kabalega alipigana na Waingereza miaka mingi, huku Masindi alishapigana na Samuel Baker mwaka 1872, alafu mwisho wakamkamata 1899 wakampeleka uhamishoni Seychelles. Vita hiyo iliacha njaa na magonjwa. Baadaye ukaja ugonjwa wa malale unaoletwa na mbung'o, na kati ya 1907 na 1912 serikali ya kikoloni ikawahamisha watu kutoka eneo la kama kilomita za mraba 13,000 hivi. Mwaka 1910 sehemu ya kusini ya Nile ikatangazwa hifadhi ya wanyama, na 1952 ikawa mbuga ya Murchison. Yaani lile pori watoto wako wanataka kuona, kwa sehemu kubwa lilikuwa vijiji vya watu. Nawaambia wageni wangu wote hivyo, kwa sababu mtu akidhani lilikuwa tupu tangu Mungu aumbe dunia anakosa nusu ya anachokiona.

Sasa kule nje ya mbuga kukabaki ardhi nzuri, mvua nzuri, watu wachache, na vichaka vimejaa mbung'o na wanyama. Upande wa Maragoli ilikuwa kinyume, watu wamebanana, shamba la baba likigawanywa kwa wana linabaki kama uwanja wa nyumba. Wazee wa Kigumba husimulia kwamba Omukama Tito Winyi wa Nne, aliyetawala Bunyoro 1924 hadi 1967, aliwakaribisha hao watu waje wafyeke vichaka na kulima ili mbung'o na wanyama wasogee. Wakaja na majembe na mbegu na makanisa yao, na mpaka leo ukipita vijiji vingine vya Kigumba unasikia Kilogoli kinaongewa nyuma ya nyumba kama uko Vihiga.

Ila wakati huohuo kuna jambo linawauma. Katiba yetu ya 1995 inahesabu kama wenyeji wa Uganda zile jamii zilizokuwa ndani ya mipaka tarehe 1 Februari 1926, na zimeorodheshwa kwa majina, mwanzo zilikuwa 56, mwaka 2005 zikafika 65. Maragoli hawamo. Kwa hiyo mtu amezaliwa Kigumba, baba yake kazaliwa Kigumba, akienda kuomba kitambulisho anaweza kuulizwa kabila lake mara tatu. Wamelilia hilo kwa miaka. Nakuambia hili ili mkifika msije mkawaita "Wakenya" kwa kuchangamka, najua mtasema kwa upendo, lakini pale linagusa kidonda.

Na ardhi. Hapa naomba unisikilize sana. Wilaya ya Kiryandongo imekuwa na kesi nyingi za ardhi, watu wamefukuzwa kwenye mashamba ili makampuni makubwa yalime mahindi, miwa, soya, na familia nyingi mpaka saa hizi hazina karatasi. Sasa fikiria gari geni linaingia kijijini, watu wanashuka, wanasema "tunatafuta kaburi la ndugu yetu". Kitu cha kwanza watu watafikiria ni kwamba mmekuja kudai shamba. Wajukuu wa huyo baba mdogo, hao ndugu zako wa damu kabisa, wanaweza kukaa kimya wasionyeshe kaburi kwa kuogopa. Kwa hiyo msiulize mipaka, msiulize eka, msiulize nani anakaa pale siku hizi, na mtoto wa miaka 13 asitembee na simu akipiga picha shamba. Mama ndiye aongee kwanza. Aseme yeye ni mke wa nani, amekuja kulia shemeji yake, na kwamba mna kwenu Tororo na hamhitaji kitu. Akishasema hayo mbele ya watu, moyo unafunguka.

Pia msiende bila kupitia kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, hata kama mmeshapata namba ya binamu. Mwenyekiti akijua, jirani hana wasiwasi. Kama hamna namba ya mtu yeyote anzeni na kanisa. Maragoli wengi ni Friends (Quaker), Pentekoste au Salvation (Jeshi la Wokovu), uliza mama baba mdogo alikuwa anasali wapi, na mpange siku yenu ya Kigumba iwe Jumapili, kanisani watatangaza na kabla ibada haijaisha mtakuwa mmeshapata mtu. Mkijitambulisha wazee watataka kujua mko upande wa nani kati ya watoto wa Mulogoli, babu wa Wamaragoli wote: Saali, Kizungu, Kilima au Mavi, na baada ya hapo ukoo mdogo. Mama anajua, lakini we na watoto jifunzeni kabla ya safari, mzee akiona mtoto wa miaka 9 anataja ukoo wake vizuri anaweza kumkalisha chini amweleze mambo ambayo hakuwahi kukueleza we.

Mkikutana na Wanyoro, na mtakutana nao maana ndio wenye nchi, watawauliza empaako yenu, lile jina la heshima kama Abwoli, Amooti, Akiiki, Adyeri. Mgeni hana, ila mkiomba watawapa kwa furaha, na kuanzia hapo salamu zinabadilika. Kwa lugha msiogope, kuanzia Karuma mpaka Masindi Kiswahili kinakwenda kuliko sehemu nyingi za Uganda, ni kwa sababu ya huo mchanganyiko, Mlugbara na Mmaragoli na Mwacholi hawana njia nyingine ya kuuziana mahindi.

Bweyale ndiyo ningependa mpite hata saa moja mchana, siku ya soko kama mtabahatika. Huo mji umejengwa na watu waliokimbia kitu. Wakimbizi wa Sudan Kusini walianza kuwekwa Kiryandongo mwaka 1990, wengine wengi wakaja baada ya vita ya Juba Desemba 2013, kuna Wakenya waliokimbia fujo za uchaguzi wa 2007, na tangu 2023 kuna familia za Khartoum, hao mtawajua kwa mikahawa yao na chai yao ya viungo. Na nyinyi wa Tororo hii itawagusa zaidi: wale Wagisu waliopoteza nyumba kwenye maporomoko ya Bududa Machi 2010, wengi walihamishiwa hapohapo Kiryandongo, mahali panaitwa Panyadoli. Mkitaka malewa, yale machipukizi ya mianzi, kilomita mamia kutoka mlimani, kule mtapata mtu anayejua kuipika. Mjini tembeeni tu, ila ndani ya makazi ya wakimbizi msiingie kuangalia watu bila ruhusa ya ofisi ya waziri mkuu, wale sio maonyesho. Chakula kuleni palepale sokoni, malakwang (mboga chachu) yenye odii (karanga na simsim zilizosagwa), posho, maharage, samaki. Desemba mavuno ya pili ya mahindi yanaanza kuingia, mtakuta yameanikwa kando ya lami kila mahali, mwambie dereva apunguze mwendo, mtu ametoa jasho pale.

Kutoka Kigumba kuja Masindi ni lami nzuri, chini ya saa moja. Masindi yenyewe ni mji mtulivu, ulikuwa na maana kubwa enzi za meli: mizigo ilikuwa inatoka ziwa Kyoga inashukia Masindi Port, inapita hapa kwa barabara, inaenda Butiaba kupanda meli nyingine ziwa Albert. Hoteli ya zamani iliyojengwa 1923 kwa wasafiri wa njia hiyo bado ipo, mkinywa chai pale mama atapenda bustani. Mafuriko ya ziwa mwanzoni mwa miaka ya sitini yaliharibu bandari ya Butiaba na ile njia ikafa.

Kuanzia Masindi mkielekea Budongo mtaona miwa pande zote, hiyo ni ya kiwanda cha Kinyara na ya wakulima wanaokiuzia. Hapo ndipo walikuja watu wetu, Waalur, Walugbara, Wakongo, wakikata miwa kwa kibarua na kulala kambini, wengine wakabaki. Miwa imesogea mpaka ukingoni mwa msitu kabisa na hilo ni tatizo kweli, sokwe na nyani wanatoka kula miwa, watu wanategea mitego ya waya kwa ajili ya paa wadogo wa msituni na nguruwe pori, sokwe ndio wananasa mikono. Pale Sonso ndani ya msitu kuna kituo cha utafiti kilichoanza 1990 na kazi yao moja ni kutuma vijana kila siku kutoa hizo waya. Sokwe wengine wa pale hawana vidole. Waeleze watoto hilo kabla hawajaanza kushangilia.

Sasa kuhusu sokwe wenyewe nakupa jibu ambalo watoto hawatalipenda: acheni safari hii. Kufuata sokwe kule Kaniyo Pabidi, sehemu ya msitu wa Budongo, ni kutembea msituni saa kadhaa, mara ardhi ni tope mara mizizi, mama hapana, na mtoto wa miaka 9 hatakubaliwa. Mwenye mafua pia hakubaliwi hata akiwa amelipa, kwa sababu ugonjwa wetu mdogo unaua sokwe. Mkigawanyika, nusu waende nusu wabaki, mtalipa pesa nyingi na mama atakaa kwenye kiti peke yake siku aliyosafiri kuwa na wajukuu. Huyo wa 13 atarudi siku nyingine akiwa mkubwa.

Badala yake nendeni Nyabyeya, ndani ya eneo la msitu, karibu na chuo cha misitu. Kuna kanisa lililojengwa na wakimbizi wa Poland. Ndiyo, Poland. Wakati wa vita ya pili ya dunia familia za Kipoland zilizokuwa zimepelekwa Siberia na Warusi zilitolewa, zikapitia Iran, zikaletwa kwa meli mpaka Mombasa, na kuanzia 1942 maelfu kadhaa wakawekwa hapa katikati ya msitu, sanasana wanawake na watoto. Walilima, wakajenga shule, wakajenga hilo kanisa, na vita ilipoisha wakatawanyika duniani. Wengine hawakuondoka, makaburi yao yako pale na majina yanasomeka. Mimi nawapeleka wageni pale kila nikipata nafasi, na mama yako ambaye amekuja kuona kaburi la mtu aliyefia ugenini hatahitaji mwongozaji amweleze chochote. Baada ya hapo muombe mtu wa chuo awatembeze kidogo ile njia pana ya msituni inayoitwa Royal Mile, ni tambarare, mama anaweza na fimbo yake, miti ya mkangazi mirefu inafunika juu, na watoto watasikia ndege na hondohondo na wakibahatika sauti za sokwe kutoka mbali.

Mbuga sasa. Tiketi ya kuingia Murchison ni ya saa 24, kwa hiyo ingieni mchana kupitia geti la Kichumbanyobo, mlale, na asubuhi bado mko ndani ya muda wenu. Raia wa Afrika Mashariki analipa kwa shilingi, bei nafuu kabisa ukilinganisha na wazungu, lakini lazima uonyeshe kitambulisho, mama abebe chake hata kama ni cha Kenya. Jiandae kulipa kwa mobile money, usitegemee keshi getini. Mkiingia tu pitieni juu ya maporomoko, gari linafika karibu sana, mama atashuka hatua chache. Nile yote inabanwa kwenye mwanya wa kama mita 7 na kuanguka mita 43, ardhi inatetemeka chini ya viatu, mshikeni mtoto mkono. Pembeni yake kuna maporomoko mengine yanaitwa Uhuru, maji yaliyavunjia njia kwenye mafuriko ya 1962, mwaka uleule tuliopata uhuru. Enzi za Amin yale makubwa yaliitwa Kabalega na wazee wengi huku bado wanayaita hivyo.

Asubuhi vukeni daraja la Paraa kwenda upande wa kaskazini mapema, saa kumi na mbili na nusu mkiweza, twiga, ndovu, nyati, hata simba wako huko kwenye majani. Mtaona pia barabara pana na mitambo ya mafuta, msishangae, wanachimba ndani ya mbuga na sisi tunaoishi na wanyama hawa tuna wasiwasi na hilo. Alafu boti, inachukua kama saa tatu kwenda na kurudi, na kwa mama hiyo ndiyo bora kuliko yote: amekaa, kuna kivuli, viboko na mamba wanakuja wenyewe. Weka nafasi kabla, Desemba inajaa.

Mbung'o bado wapo upande wa kusini, wanauma kupita nguo. Msivae bluu iliyokolea wala nyeusi, rangi hizo ndizo zinawavuta, vaeni kaki au kijivu na mfunge vioo mnapopita kwenye miti. Malaria pia, chandarua na dawa ya kupaka, na dawa za presha za mama mbebe za kuzidi siku mbili tatu.

Siku nne hazitoshi, nakuambia wazi, tafuta ya tano. Ya kwanza safari, ya pili Kigumba, ya tatu Masindi na Nyabyeya mkiingia mbuga jioni, ya nne wanyama na boti, ya tano mnatokea geti la Tangi mnashika barabara ya Pakwach kuja Karuma, Kamdini, na mko kwenye njia yenu ya nyumbani bila kurudia. Kama ya tano haipatikani kabisa punguzeni mbuga, mlale Masindi, muone maporomoko mkarudi. Ile ya Kigumba usiiguse.

Za kubeba kwa ndugu: sukari, sabuni ya mche, majani ya chai, unga wa ngano kwa sababu ni karibu Krismasi, na kitu kidogo cha kanisa kwenye bahasha. Lakini cha muhimu zaidi bebeni picha. Picha za baba yako, za babu kama zipo, za nyumba ya Maragoli, mzitoe kopi mbilimbili mwache moja kule. Wale watoto wa baba mdogo inawezekana hawajawahi kuona sura ya babu yao. Na mkikuta kaburi halina saruji, msiahidi kujenga palepale mkiwa na machozi, ongeeni kwanza na mtoto wake mkubwa pembeni, yeye ndiye mwenye kauli, na kujenga kaburi kwenye ardhi yenye kesi kunaweza kumletea shida nyinyi mkishaondoka. Akikubali, tumeni pesa kwake, mama aweke hata jiwe moja kwa mkono wake kabla hamjaondoka.